Kiongozi Hupimwa Akiwa Hayupo

    

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya uongozi. Najua mmoja wenu atasema: "Uongozi ni jambo la wakubwa. Mimi natafuta unga." Ndugu yangu, nakuomba usizime redio. Unga unaoutafuta unapita katika mkono wa mtu aliyeandika orodha. Maji unayochota yanapita kwa mtu mwenye ufunguo wa bomba. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya uongozi, tunazungumza juu ya unga na maji.

Leo tutajiuliza maswali matatu. La kwanza: kiongozi ni nani, pale alipopoteza cheo chake? La pili: tunawezaje kuuchunguza uongozi katika kamati na mashirika yetu? La tatu: kila mmoja wetu atajijengaje awe kiongozi wa namna gani?

Tuanze na la kwanza.

Vita inapomfukuza mtu, inamnyang'anya shamba, mbuzi na nyumba. Hayo yote tunayahesabu. Lakini kuna kitu kingine inachomnyang'anya, nacho hatukihesabu: jina alilokuwa nalo mbele ya watu. Baba huyu alikuwa mkuu wa kijiji. Watu walikuja kwake asubuhi kuamuliwa mashauri ya mipaka ya mashamba. Leo anasimama katika mstari na bidoni mkononi, na kijana mwenye fulana ya shirika anamwambia: "Mzee, rudi nyuma." Mama huyu alikuwa mwenye kiti wa likelemba ya wauza maharagi. Leo yeye ni namba kwenye karte. Mwalimu huyu alikuwa na wanafunzi hamsini. Leo hana hata ubao.

Watu wa namna hii wanapita njia mbili. Wengine wananyamaza kabisa, wanasema: "Mimi si kitu tena." Wengine wanakishika kile cheo cha zamani kwa nguvu. Wanataka kuitwa mkuu hata pale ambapo hawajui shida ya jirani, na wanakasirika wakiulizwa swali. Njia zote mbili zinatoka katika kosa moja: kufikiri kwamba uongozi unakaa ndani ya cheo. Cheo kilibaki kijijini. Kilichokuja nawe njiani ni namna unavyotendea watu. Hicho ndicho cha kuchunguza.

Ngoja niwasimulie kosa langu mwenyewe, ili msidhani nawafundisha kutoka juu.

Mimi nilisoma sheria katika chuo kikuu. Kazi yangu ni elimu ya raia. Mwaka 2023 nilikuwa nikisaidia kamati ya maji katika kambi moja upande wa magharibi wa mji wa Goma. Maji yaliletwa kwa lori, yakamiminwa katika mfuko mkubwa, na kutoka hapo watu walichota kwa zamu. Kamati ilikuwa na watu saba. Lakini mimi nilikuwa na haraka, tena nilijiona mwenye elimu. Orodha ya jamaa niliiandika mimi. Kaye ya zamu niliishika mimi. Ufunguo wa bomba ulikaa mfukoni mwangu. Mambo yalikwenda vizuri. Watu walinisifu, nami nikaamini kwamba mimi ni kiongozi mwema.

Kisha malaria ikaniangusha. Nilikaa siku tisa nyumbani mjini. Niliporudi, nilikuta bomba limefungwa na mfuko una maji. Maji yalikuwapo, na watu walikuwa na kiu! Sehemu mbili za kambi ziligombana juu ya zamu, kila upande ukisema upande mwingine umeongeza majina. Kwa kuwa orodha haikuonekana, hakuna aliyeweza kuonyesha ukweli. Maneno ya kabila yakaanza kunong'onwa. Kijana mmoja alikuwa amepigwa. Wamama walikuwa wakiteremka ziwani kuchota maji mabichi, na sisi sote tunajua kipindupindu kinatoka wapi.

Nilimkuta mama mmoja wa kamati, nikamwuliza kwa ukali: "Mama, ninyi ni watu sita. Mlishindwa hata kufungua bomba?" Alinitazama akasema: "Mwalimu, ufunguo ulikuwa mfukoni mwako na kaye ilikuwa nyumbani kwako. Sisi tungefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Siku ile nilitambua kwamba sikuwa nimejenga kamati. Nilikuwa nimejenga watu sita wanaoningojea.

Sasa tuingie katika swali la pili: jinsi ya kuuchunguza uongozi.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa chuo kikuu, jina lake Kurt Lewin. Alikuwa Myahudi wa Ujerumani. Hitler alipotwaa utawala mwaka 1933, Lewin alikimbia nchi yake akaenda Marekani. Mama yake aliyebaki Ulaya aliuawa katika mauaji ya Wayahudi. Kwa hiyo mtu huyu alijua ukimbizi ni nini, na swali lake lilikuwa swali letu: kwa nini watu wanamfuata kiongozi mpaka wanawadhuru wenzao?

Pamoja na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White, katika jimbo la Iowa, alikusanya wavulana wa umri wa miaka kumi hivi katika vikundi vidogo vya kazi za mikono. Matokeo waliyatangaza mwaka 1939. Vikundi viliongozwa kwa namna tatu. Kiongozi wa kwanza alitoa amri tu: fanya hiki, sasa fanya kile, bila kueleza kazi inakwenda wapi. Wa pili alikaa na wavulana, wakajadili na kuamua pamoja, naye akawasaidia. Wa tatu aliwaacha tu, kila mtu na lake.

Kisha wakafanya jambo moja la akili: walimtoa kiongozi chumbani, wakatazama. Katika kundi la amri, kiongozi alipotoka, kazi ilianguka. Katika kundi lililoamua pamoja, kazi iliendelea karibu kama kawaida. Katika kundi lililoachwa tu, hata kiongozi alipokuwapo kazi ilikuwa kidogo.

Ndugu wasikilizaji, angalieni na jambo hili jingine. Katika kundi la amri, wavulana hawakumkasirikia kiongozi aliyewabana. Walimgeukia mmoja wao, wakamwonea, mpaka wengine walioonewa wakaacha kikundi. Mtu aliyebanwa na mkubwa anatafuta mdogo wa kumpiga. Je, hatujaona jambo hilo hapa kwetu? Chakula kinapopungua na mkuu haelezi sababu, watu hawamwulizi mkuu. Wanaanza kutazamana: "Ni wale wa upande ule. Ni wale wa lugha ile." Hapo ndipo uongozi mbaya wa mtu mmoja unapogeuka kuwa ugomvi wa makabila.

Mji wa Goma umeona jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Mwezi wa saba mwaka 1994, watu wengi sana kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache, na kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Katika makambi kama Mugunga, Katale na Kibumba, chakula mwanzoni kilipitia kwa wale waliokuwa wakuu katika utawala uliofanya mauaji ya kimbari. Wao ndio waliokuwa na orodha. Orodha zilionyesha watu wengi kuliko waliokuwapo, na chakula kilichozidi kilikuwa nguvu mikononi mwao. Mkimbizi wa kawaida aliyetaka kurudi kwao aliogopa kusema. Baadhi ya mashirika yaliona msaada wao unalisha wauaji, na mwezi wa kumi na moja mwaka ule tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka likajiondoa. Somo ni hili: orodha inaweza kuonekana karatasi ndogo, lakini anayeishika peke yake amewashika watu.

Kwa hiyo, wewe mwanakamati, wewe mkuu, na wewe raia usiye na cheo, chunguza shirika ulilomo kwa maswali manne. Yaandike ndani ya kaye kama unajua kuandika. Kama hujui, mwambie mtoto wa shule akuandikie, au yashike kichwani.

Swali la kwanza: nani anashika orodha, ufunguo na feza? Kama vitu hivyo vitatu vimekaa kwa mtu mmoja, kuna hatari, hata kama mtu huyo ni mwaminifu. Mtu mwaminifu naye anaugua malaria.

Swali la pili: katika mkutano, nani anasema na nani hajawahi kusema? Hesabu kabisa. Wamama wangapi wamesema? Vijana wangapi? Watu wa kabila lenye watu wachache, je? Anayechota maji kila siku ndiye anayejua bomba lina shida gani. Yeye akinyamaza, mkutano unaamua gizani.

Swali la tatu: mtu akiwa na malalamiko dhidi ya kiongozi, anayapeleka wapi? Kama jibu ni "kwa kiongozi yule yule", basi hakuna mahali.

Swali la nne, ambalo ni kubwa kuliko yote: kiongozi akiondoka siku tisa, kazi itaendelea?

Msiogope kuuliza maswali haya. Siyo uasi, ni haki. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili mwaka 2006, katika kifungu cha 37, inahakikisha uhuru wa raia kuungana katika mashirika. Kifungu cha 14 kinasema juu ya haki ya mwanamke kuwa na nafasi yake katika uongozi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani, katika kanuni ya 18, zinataka juhudi za pekee zifanywe ili wanawake washiriki kabisa katika kupanga na kugawa vitu vya lazima. Na Mkataba wa Kampala, ambao nchi za Umoja wa Afrika ziliupitisha tarehe 23 mwezi wa kumi mwaka 2009, unadai wakimbizi wa ndani waulizwe na washirikishwe katika maamuzi ya kuwalinda na kuwasaidia. Mtu akikuambia, "Wewe ni mkimbizi, kazi yako ni kupokea tu," anasema kinyume cha maandishi hayo.

Sasa swali la tatu: wewe mwenyewe utakuwa kiongozi wa namna gani?

Hakuna mtu anayezaliwa na jibu. Hata mtoto wa mwami hufundishwa. Na hakuna kiongozi mmoja wa kuigwa na wote. Kuna mtu ambaye nguvu yake ni kusema. Kuna mwingine ambaye nguvu yake ni kusikiliza. Kuna anayejua hesabu. Kuna anayejua kupatanisha. Usivae kanzu ya mwingine. Lakini fanya mambo haya matatu.

La kwanza, kumbuka siku ambayo ulibanwa. Usijipime kwa siku ya sifa. Kumbuka siku chakula kilipopungua, siku ndugu yako alipokuomba umwongezee jina, siku uliposhtakiwa kwa uongo. Ulifanya nini? Ulificha? Ulipiga kelele? Ulieleza? Pale ndipo sura yako halisi ilionekana. Mimi siku yangu ilikuwa ile ya bomba. Niliona kwamba napenda kuhitajiwa. Ni ugonjwa unaofanana sana na wema, ndiyo maana ni mgumu kuuona.

La pili, uliza watu watatu. Mmoja awe anayekupenda, mmoja awe asiyekupenda sana, na mmoja awe wa kabila lingine au sehemu nyingine ya kambi. Waulize: "Ninapoongoza, ni jambo gani linalokuumiza?" Kisha nyamaza. Usijitetee. Ukijitetea mara moja tu, hawatakuambia tena ukweli. Mzee anayekubali kuulizwa na kijana hapotezi heshima yake, anaiongeza.

La tatu, toa kitu kimoja mkononi mwako na umfundishe mwingine kukishika. Usingoje kuchaguliwa tena wala kuchoka. Kama unashika feza, mwingine ashike kaye ya feza. Kama unaongoza mkutano kila mara, mkutano ujao mpe mama ambaye hajawahi kuongoza, nawe ukae kando yake. Atakosea. Wewe pia ulikosea.

Mtaniuliza: "Mwalimu, wewe ulifanya nini na ufunguo ule?" Niliomba msamaha mbele ya mkutano. Haikuwa rahisi, wengine walicheka. Kisha kamati iliamua, siyo mimi, kwamba kufuli ziwe mbili, na funguo zikae kwa watu wa sehemu mbili zilizogombana, hata mmoja asiweze kufungua bila mwenzake. Kaye zikawa mbili. Kila siku ya posho orodha ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, na kila aliyesikia jina asilolijua alikuwa na ruhusa ya kuinua mkono. Majuma ya kwanza mikono ilikuwa mingi sana, na makelele mengi. Baadaye ikapungua. Ugomvi haukwisha kabisa, nisiwadanganye. Lakini ukawa ugomvi wa jina hili na jina lile. Haukuwa tena wa kabila hili na kabila lile.

Mwezi wa kwanza mwaka 2025 vita ikafika mjini Goma, na mwezi uliofuata makambi mengi yaliyozunguka mji yalivunjwa. Watu wakaondoka kwa haraka na mizigo kichwani, wengine kuelekea Masisi, wengine Rutshuru, wengine wasijue waelekee wapi. Kamati yetu ikatawanyika siku mbili tu. Nilifikiri kazi yote imepotea.

Baada ya miezi kadhaa nilipata habari za yule mama aliyenijibu juu ya ufunguo. Alikuwa amerudi kijijini kwao. Nyumba yake ilikuwa imeungua. Pale kijijini watu waliorudi na watu ambao hawakukimbia walikuwa wakigombania chemchem moja: waliobaki walisema, "Tuliilinda sisi", waliorudi walisema, "Ilichimbwa na baba zetu." Yeye hakuwa na cheo chochote. Alisimama akauliza: "Nani ana kaye?" Wakaanza kuandika zamu, kwa kaye mbili.

Ndugu wasikilizaji, sikumfundisha mama huyu kuongoza. Nilikuwa nimemzuia, na malaria ndiyo iliyompa nafasi. Lakini nilijifunza kutoka kwake kwamba uongozi ukikaa ndani ya mtu, hauvunjwi pamoja na kambi. Unabebwa kichwani na kufika mahali ambapo hata shitingi haikufika.

Sasa nawapa kazi ya juma hili. Wakuu na wanakamati: chagueni siku moja ambayo hamtakwenda kwenye kazi ya kamati. Msiseme mna safari, msitoe maagizo. Kaeni nyumbani. Jioni ulizeni: kazi ilifanyika? Kama ilifanyika, shukuruni, na mumpongeze aliyeifanya mbele ya watu. Kama haikufanyika, msimkasirikie mtu. Jiulizeni ni kitu gani kilichobaki mfukoni mwenu.

Na ninyi msio na cheo: mkutano ujao, inua mkono mara moja. Uliza swali moja tu, kwa heshima na kwa sauti inayosikika: "Wazee wetu, tunaweza kusomewa orodha?"

Kidole kimoja hakivunji chawa.  Mkimaliza kusikia, mzungumze na jirani, hasa yule ambaye hamjasalimiana siku nyingi.